Mapambo ya ukutani ya Diwali ya kutengeneza nyumbani, kwa anayeishi nyumba ya kupanga

Binti wa Chumbageni ameuliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kuhusu ukuta wa sebule yangu. Mimi ni Mhindu mzaliwa wa Tanga, na wazee wa upande wa baba yangu walitoka Kutch, Gujarat, kule India. Miaka yote tuliyoishi katika nyumba ya babu, kupamba kwa ajili ya Diwali, sikukuu yetu ya taa, ilikuwa kazi ya bibi na shangazi zangu, nasi watoto tulishika mabakuli ya rangi na kutumwa dukani kununua uzi. Sasa nimeolewa, na tunapanga ghorofa ya tatu hapa Upanga, Dar es Salaam. Mwaka huu Diwali inaangukia Jumapili, tarehe 8 Novemba 2026, na kwa mara ya kwanza wakwe zangu watakuja kufanya puja, yaani ibada, ya Lakshmi, mungu wetu wa kike wa neema, nyumbani kwetu. Bibi ameshafariki, shangazi zangu wako mbali, na mimi ndiye ninayetazamiwa.

Ukuta wenyewe una upana wa karibu mita tatu. Umepakwa rangi nyeupe, kulia kwake pana dirisha lenye nondo, na katikati, usawa wa kiuno, pana kabati ambalo juu yake tumeweka mandir yetu ndogo, yaani madhabahu ya nyumbani, pamoja na mahali pa kuwashia diya, zile taa ndogo za utambi. Mwenye nyumba hataki msumari hata mmoja, wala hataki tuchore chochote ukutani. Mwaka jana nilikata maua ya karatasi ya manila yapatayo arobaini nikayabandika kwa selotepu. Mvua za vuli zilipoanza unyevu ukaingia ndani, na asubuhi ya siku ya tatu nikayakuta mengi sakafuni. Yaliyobaki ndiyo yaliyonitia hasara, kwa sababu nilipoyabandua yaling'oka na rangi ya ukuta, ikanibidi nimlipe fundi apake upya upande mzima.

Ningeweza kununua mapambo ya plastiki yaliyo tayari, nayo Kariakoo hayakosekani, lakini nina binti wa miaka sita na ningependa aikumbuke Diwali kama ninavyoikumbuka mimi, kwa harufu ya majani na gundi iliyokaukia vidoleni. Naomba mnieleze ni pambo gani la mkono linalostahili ukuta huo, nitalitundikaje bila kuugusa ukuta kwa msumari wala gundi, na nianze lini ili lisinyauke wala kulegea kabla ya siku yenyewe.

Bibi wa Shangani amejibu:

Jai Shri Krishna, mwanangu. Kabla ya ukuta anza na mlango, kwa sababu Lakshmi huingilia mlangoni, na wakwe zako vilevile. Pambo la kwanza la nyumba yetu ni toran ya majani, yaani shada la kufunga juu ya mlango. Hapa Mji Mkongwe milango mingi ya zamani imechongwa kwa mtindo wa Gujarat, ina nakshi za maua tangu kizingiti cha juu hadi miimo, na bado Mhindu mwenye nyumba hakosi kufunga toran mbichi juu yake, kwa kuwa nakshi ile ni ya mti uliokwisha kukauka.

Chagua majani ya mwembe yaliyokomaa, yenye kijani kizito. Yale machanga yenye wekundu hunyauka kabla ya adhuhuri. Yachume jioni ya kuamkia siku yenyewe, jua likishapoa, uyaoshe, kisha uyalaze katika sinia lenye maji kidogo na kuyafunika kwa kitambaa kibichi mpaka asubuhi. Ukiamka yapanguse yakauke. Kila jani likunje kidogo upande wa kikonyo, kuzunguka uzi, na ulibane kwa kijiti kilichokatwa kutoka kwenye ufagio wa chelewa. Chelewa moja ukiikata vipande vya sentimita tatu inatosha majani yapatayo ishirini, nayo haipati kutu kama pini. Kwa mlango wa kawaida, majani kumi na tano hivi yanatosha.

Katikati ya majani tia maua ya galgota, yaani marigold, yale ya rangi ya chungwa na ya manjano. Sindano ipite kwenye kitako cha ua, pale palipo kijani na pagumu. Ukiipitisha katikati ya petali ua litafumuka mkononi mwako, na mtoto atalia. Tumia uzi wa pamba uliokunjwa mara mbili, maana ule wa nailoni hukata vikonyo. Maua yatadumu siku mbili au tatu. Majani yatakauka polepole yakijikunja bila kuoza, kwa hiyo usiyaondoe kwa haraka. Usipopata mwembe, tumia asopalav, ule mti mrefu mwembamba wenye majani ya mawimbi ambao wengi huuita ashoki. Huko Dar es Salaam umepandwa kandokando ya kuta nyingi, nao kwetu Wagujarati una heshima ileile katika toran.

Kuhusu ukuta wa mandir, usisahau maneno Shubh na Labh, yaani heri na faida. Ndiyo maneno ambayo wafanyabiashara wetu huyaandika katika vitabu vipya vya hesabu siku ya Chopda Pujan, yaani ibada ya vitabu hivyo. Kwa kuwa huruhusiwi kuchora, yaandike kwa kanku, ule unga mwekundu wa ibada, kwenye vipande viwili vya karatasi ngumu, uviegemeze kulia na kushoto kwa mandir. Ukichora nyayo za Lakshmi sakafuni, zielekee ndani ya nyumba. Nimewahi kuona mtu amezichora kwa uzuri mkubwa sana zikielekea nje, na mama mkwe wake alizitazama kwa muda mrefu bila kusema neno.

Mwalimu wa Michoro, Mombasa amejibu:

Dada, kwanza shikamoo kwa Bibi wa Shangani, ambaye amelieleza la mlango vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Mimi si Mhindu. Nimefundisha sanaa ya mikono katika shule ya msingi kwa miaka mingi, na jirani yangu wa hapa Makadara, mama wa asili ya Kutch, ndiye aliyenifundisha kazi iitwayo lippan. Kwa kuwa wazee wako walitoka hukohuko, naona hilo ndilo pambo linaloustahili ukuta wako kuliko jingine lolote.

Kule Kutch kuna nyumba za mviringo za udongo zinazoitwa bhunga. Wanawake hukanda udongo pamoja na samadi, wakaufinyanga uwe michirizi myembamba iliyoinuka juu ya ukuta, na ndani ya michirizi hiyo hupachika vioo vidogo viitwavyo abhla. Katika nyumba za Waislamu utaona pembetatu, duara na mistari tu. Kwa wengine utaona pia tausi, ngamia na watu. Sifa yake kubwa huonekana usiku, kwa sababu taa moja ikiwashwa sakafuni ukuta mzima hujibu kwa vimulimuli. Ndiyo sababu nakuhimiza hivi. Diwali huangukia usiku usio na mwezi, na karatasi ya rangi, hata iwe nzuri namna gani, giza likiingia hubaki kuwa karatasi. Kioo ndicho kinachoipokea nuru ya diya na kuirudisha kwa watu waliokaa mbele yake.

Huna haja ya kuugusa ukuta wenyewe. Nunua ubao wa plaiwudi wa sentimita 60 kwa 60, usio mnene, uupige msasa, kisha uupake gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu, ili ubao usiifyonze gundi yako baadaye. Chora duara kwa penseli iliyofungwa uzi, na ndani yake duara nyingine mbili au tatu. Nafasi zilizo katikati zigawe kwa pembetatu. Mara ya kwanza usichore tausi.

Udongo wa kufinyanga utautengeneza kwa chaki za ubaoni. Zitwange kinuni, uzichekeche kwa chekecheo la unga, upime vikombe viwili. Ongeza gundi ile nyeupe isiyozimuliwa, kidogo kidogo, ukikanda kama unga wa chapati, mpaka donge liache kunata viganjani. Kwa kawaida gundi itakuwa pungufu kidogo ya kikombe kimoja. Watu wengine hutumia chokaa, lakini kuna chokaa inayounguza ngozi, na kwa kuwa mtoto atashiriki nashauri uiache kabisa. Donge lifunike kwa kitambaa kibichi muda wote, kwani katika joto letu hukauka juu ndani ya dakika chache.

Kata kipande, ukiviringishe juu ya kigae mpaka kiwe kamba yenye unene wa utambi wa jiko la mafuta ya taa. Hapo ndipo wanafunzi wangu wengi hukosea, maana huviringisha kwa ncha za vidole na kamba hutoka na matuta. Viringisha kwa kiganja kizima, ukianzia katikati na kuelekea pembeni, bila kukandamiza. Pitisha brashi yenye gundi juu ya mstari wa penseli, laza kamba, uishindilie kwa ubavu wa kidole. Kisha ipige chale ndogondogo kwa ukingo wa kijiko, nayo itafanana na mkufu.

Vioo omba kwa fundi vioo, ambaye kila siku hubakiwa na vipande visivyo na kazi. Mwambie akukatie miraba na pembetatu za sentimita mbili, uvisugue kingo zake juu ya jiwe la kunolea lililoloweshwa maji, na mtoto asiviguse kabla hujamaliza kusugua. Kila kioo kibandike kwanza kwa gundi, kisha kizungushie kamba nyembamba ya udongo ikishike kama pete inavyoshika kito. Usivilaze vyote bapa. Weka punje ya udongo chini ya upande mmoja wa kila kioo ili kila kimoja kitazame upande wake kidogo. Vikitazama upande mmoja utapata mng'ao mmoja, na ukisogea hatua mbili hautauona tena.

Acha ubao kivulini siku mbili au tatu, mbali na feni. Ukipasuka, na mara ya kwanza utapasuka, zimua donge lile kwa maji mpaka liwe uji mzito, ujaze nyufa kwa kidole. Baada ya hapo uache mweupe, kama wanavyouacha wengi kule Kutch. Rangi nyingi huvitia vioo giza. Mtoto mpe kazi ya kutia vitone vya udongo kuzunguka ukingo, kwa kuwa vitone vikipinda havidhuru kitu.

Binti wa Chumbageni amejibu:

Shikamoo Bibi, nami nakushukuru sana mwalimu. Nilimwona bibi yangu akiwa na kibao chenye vioo kilichotundikwa jikoni, nami sikuwahi kujua jina la kazi ile mpaka leo. Ubao nitauegemeza juu ya kabati, nyuma ya diya. Hata hivyo bado nina nafasi tupu kila upande, mita moja kulia na mita moja kushoto, na bado sijui nitundike kwenye nini. Nondo za dirisha ziko upande mmoja tu.

Mpambaji wa Temeke amejibu:

Dada yangu, hilo la kutundika ndilo kazi yetu sisi tunaopamba kumbi za harusi, ambako pia haturuhusiwi kupiga msumari. Tafuta mianzi miwili ya mita mbili na robo na ndoo mbili za lita kumi. Simamisha kila mwanzi katikati ya ndoo, uijaze mchanga mkavu na kuushindilia mpaka mwanzi usitikisike, halafu funga mwanzi wa tatu juu yake kwa kamba ya katani, kwa fundo la msalaba linalozungushwa mara nne na kubanwa katikati. Kwa mita tatu mwanzi wa juu unaweza kuinama, kwa hiyo chagua ulio mnene, au ongeza nguzo ya tatu itakayojificha nyuma ya kabati. Ndoo zifunike kwa kanga. Utakuwa na fremu iliyosimama mbele kidogo ya ukuta, na lolote utakalolitundika halitaugusa.

Kwenye mwanzi huo wa juu nakushauri utundike toran ya kitambaa. Wagujarati wanazo za kudarizi, zenye vipande vinavyoning'inia kwa umbo la jani la mwembe, nazo hazinyauki. Nenda kwa fundi cherehani yeyote mwishoni mwa juma uombe mabaki ya vitenge na satini. Kata kielelezo cha jani kwa karatasi ngumu, urefu wa shubiri moja. Kila jani liwe na pande mbili, uzishone ndani-nje, ugeuze, upige pasi, kisha ulipachike kwenye utepe mrefu wenye upana wa sentimita sita. Majani ishirini yanatosha mita tatu ukiacha nafasi ya vidole viwili katikati. Kwenye ncha ya kila jani shona ushanga mzito au kengele ndogo, kwa sababu kitambaa chepesi kikipata upepo wa feni hujikunja na kuonekana kama nguo iliyoanikwa.

Kitambaa kisikae juu ya diya. Pale katikati, juu ya mandir, acha nafasi ya upana wa mita moja bila jani lolote. Nimewahi kuona pazia likishika moto ukumbini kwa mshumaa mmoja tu, na lilikwisha kabla mtu hajaipata ndoo ya maji.

Mjukuu wa Jinja, Leicester amejibu:

Nawasalimu nyote kutoka Uingereza. Babu na bibi yangu waliondoka Jinja mwaka 1972, Wahindi walipofukuzwa Uganda, na Kiswahili kilibaki jikoni kwetu pamoja na sufuria na mwiko. Hapa Leicester barabara ya Belgrave hujaa taa na watu kila Diwali, lakini baridi ya Novemba huturudisha ndani mapema, kwa hiyo tumejifunza kuzitendea haki kuta za ndani.

Kwa zile mita mbili zilizobaki ninapendekeza kandili. Watu wa Maharashtra, jimbo la India, huiita akash kandil, yaani kandili ya angani, na neno lenyewe limetoka katika Kiarabu kama letu. Huwa ni nyota ya karatasi yenye taa ndani inayotundikwa nje ya nyumba. Sisi tunatengeneza nusu yake, yaani upande wa mbele tu, ili ikae karibu na ukuta na nuru imwagike juu ya ukuta ule mweupe pande zote. Ukuta ambao mwenye nyumba amekukataza kuuchora, nuru itauchora usiku na asubuhi hautakuwa na doa.

Chukua fito sita nyembamba za mwanzi, kila moja sentimita 40. Tatu zifunge ziwe pembetatu, na tatu nyingine vivyo hivyo, kisha laza pembetatu moja juu ya nyingine ikiwa imegeuzwa, upate nyota ya pembe sita. Kila zinapokutana funga uzi. Kwa nyuma ongeza vijiti sita vya sentimita nane, kimoja kwenye kila kona ya ndani, viwe kama miguu ya kuitenga nyota na ukuta. Mbele bandika karatasi laini, ileile ambayo watoto hutengenezea vishada. Rangi ya chungwa na ya manjano hupitisha nuru vizuri zaidi. Bluu iliyokoza huila, nami nilipoteza jioni nzima nikijiuliza kwa nini kandili yangu ya bluu ilionekana imezimika. Chini yake ning'iniza mikia ya karatasi iliyokatwa vipande vyembamba, urefu wa mkono mmoja.

Ndani weka mkanda wa taa ndogo za LED za betri, kamwe usiweke mshumaa. Kwa gundi, uji wa unga wa ngano unatosha, ila kwa unyevu wa pwani uongeze shabu iliyosagwa, robo ya kijiko kwa kikombe cha uji, kwa sababu huzuia ukungu. Mama yangu bado huisaga kwa kinu kidogo cha shaba alichokitoa Jinja.

Mpenda Warli amejibu:

Naongeza jambo moja kwa kifupi. Kama utapenda mchoro, chukua karatasi pana ya kaki, uipake udongo mwekundu uliochanganywa na gundi, halafu uchore juu yake kwa rangi nyeupe mtindo wa Warli, ambao watu wake wanaishi wilaya za Palghar na Thane huko Maharashtra. Wao hutumia unga wa mchele uliosagwa na maji, na brashi yao ni kijiti cha mwanzi kilichotafunwa ncha. Mwili wa mtu ni pembetatu mbili zinazokutana kiunoni, na kichwa ni duara, kwa hiyo mtoto wa miaka sita anaweza. Jivya Soma Mashe, aliyeifikisha sanaa hiyo mbali na kutunukiwa Padma Shri, nishani ya taifa la India, mwaka 2011, alianzia kwenye kuta za udongo kama hizo.

Naomba tu jambo hili lieleweke: mchoro wao mtakatifu wa mraba, chauk, huchorwa na wanawake kwa ajili ya harusi. Si wa Diwali wala si wetu kuunakili kwa sababu unapendeza. Chora watu wanaocheza kwa mzunguko, miti, ndege na taa. Na hapa kwetu badala ya unga wa mchele tumia rangi nyeupe ya maji, la sivyo sisimizi wataufuata mchoro mstari kwa mstari.

Bibi wa Shangani amejibu:

Mpenda Warli amesema kweli, na nimefurahi kwamba amelisema. Binti yangu, usiufanye ukuta kuwa duka. Vioo katikati, kandili mbili pembeni, toran juu, basi. Mchoro wa mtoto uweke mahali pengine, pale mlangoni anapovua viatu babu yake, ili yeye mwenyewe amwoneshe.

Binti wa Chumbageni amejibu:

Nimerudi kuwaeleza nilipofikia, kwa kuwa mmenipa muda wenu.

Fremu ya mianzi imesimama. Mume wangu aliuegemea kwa makusudi mwanzi mmoja kuujaribu, nao haukusogea. Toran ya kitambaa bado ina majani manane yasiyoshonwa, na kandili moja imekamilika, ya rangi ya chungwa. Tuliiwasha juzi umeme ulipokatika, na ukutani ukatokea mduara mpana wenye miale sita, kama alivyosema ndugu wa Leicester. Binti yangu aliuzungushia mkono wake hewani mara nyingi akifuata kivuli.

Ubao wa lippan ulipasuka sehemu tano. Nilikuwa nimeuweka karibu na dirisha ili ukauke haraka, kinyume cha maelekezo. Nimejaza nyufa kwa ule uji na sasa hazionekani isipokuwa kwa anayezijua. Nilipouegemeza juu ya kabati na kuwasha diya ya samli mbele yake, vioo viliwaka, lakini vimulimuli vyote vilikwenda darini na kwenye nyuso zetu hakukufika kitu. Nilihangaika kidogo kabla ya kuelewa kwamba ubao ulikuwa umelalia nyuma mno. Nimerudisha kitako chake nyuma kidogo tu na kuutegemeza kwa vipande viwili vya mbao kwa nyuma, sasa umesimama karibu wima, na diya nimeinua juu ya bakuli la shaba lililofudikizwa. Vimulimuli vimeshuka. Kimoja kinatua kwenye kiti ambacho mkwe wangu hupenda kukalia, nami nimeamua kiti kile kisihamishwe.

Kuhusu nafasi ya wazi juu ya mandir, nimeiacha mita moja na robo. Feni ya darini tutaizima wakati wa puja, na ndoo ya maji itakuwa nyuma ya mlango wa jikoni.

Majani ya mwembe nimeahidiwa na mama wa ghorofa ya chini, ambaye mti wake umeinamia ukuta wa nyuma. Ameniambia nije Jumamosi baada ya saa kumi na moja jioni na kikapu, na ameuliza kama anaweza kupanda juu Jumapili kuziona taa zikiwashwa. Chelewa nimezikata tayari.